Kliniki ya uzazi hapa Dodoma: daktari namvulia kofia, ila lile dirisha la maabara acha kabisa

Naandika hasira zikiwa bado hapa kooni, mtanisamehe nikirukaruka. Jina la kliniki silitaji, sitaki kesi. Ni hapa hapa mjini.

Sio bei iliyoniudhi, wala foleni, foleni Mtanzania ameshazoea. Kilichoniudhi ni kikopo.

Ngoja nieleze. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto muda sasa, na kwa wakwe zangu kesi ilishahukumiwa zamani, mwenye tatizo ni mimi, mama mkwe ameshaniletea mizizi kutoka Mpwapwa ya kila rangi na wifi zangu hawana salamu nyingine zaidi ya "vipi, bado?" Basi nikaenda kupima mimi. Homoni, ultrasound, ile picha ya mirija ambayo wanapitisha dawa kwenye kizazi halafu wanapiga eksirei, na inauma jamani asikudanganye mtu. Mirija yote inapitisha. Daktari akasoma majibu akaniambia mama, umefanya sehemu yako, sasa mlete baba, maana kwa karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika upande wa mwanaume nao unahusika.

Sasa mpate mwanaume akubali kupima mbegu! Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, mtu wa watu, ila ukitaja hicho kipimo anakumbuka geti la mteja halijaisha. Nilibembeleza, nikanuna, nikapika, mwisho akakubali kwa sharti kwamba sampuli atatolea nyumbani, hataki habari ya choo cha kliniki ambacho kitasa chenyewe kimefungwa kwa kamba. Daktari akasema sawa, ila masharti ni haya: akae siku 2 mpaka 7 bila tendo, asitumie kondomu wala mafuta, kikopo kikae karibu na mwili kisipoe, na kifike maabara ndani ya saa moja.

Ilikuwa kipindi kile cha kipupwe, mnaoijua Dodoma mnajua ule upepo wa asubuhi. Tukachukua bajaji kutoka Nkuhungu, kikopo nimekiweka ndani ya sidiria, juu nimevaa sweta na mtandio, dereva akipita kwenye shimo mimi nashika kifua kama mgonjwa wa moyo. Tukafika mapema kabisa. Pale dirishani kuna kijana na glovu zake, kakipokea, kakiweka juu ya kaunta pembeni ya dirisha la vioo ambalo halifungi, halafu huyo kaenda kunywa chai. Chai! Na chapati, nilimuona anarudi anafuta mafuta mdomoni. Muda wote ule kikopo kinapigwa upepo, jina la mume wangu limeandikwa kwa maker nyeusi kila anayepita anasoma, na mume wangu kakaa pale kwenye benchi anaangalia sakafu.

Aliporudi nikamwambia kwa adabu zote, kaka samahani, tumeambiwa hiyo isipoe na muda unaenda. Akanijibu kwa sauti ya kituo cha daladala: "Dada, hii sio supu, hata ikipoa haina shida."

Watu wakacheka. Benchi zima! Wengine wamekuja na shida ile ile yetu na wanacheka. Mume wangu akanyanyuka akatoka nje, hakusema kitu.

Majibu yakatoka: mwendo wa mbegu dhaifu sana. Aliikunja ile karatasi mpaka ikawa ndogo kama risiti akaitia mfukoni, na siku nyingi baada ya hapo nyumbani kulikuwa na ukimya ambao sitaki hata kuuelezea.

Sasa hapa ndo napata shida na hii rivyuu, maana nilitaka niwape sifuri nimalize. Ila daktari yule mama, Mungu ampe maisha marefu. Alipoiona karatasi kitu cha kwanza aliuliza muda wa kutolewa uko wapi, muda wa kuanza kupima uko wapi, pote patupu. Akasema majibu haya siyatumii, na hata yangekuwa safi kipimo kimoja hakimhukumu mtu, rudieni. Akamgeukia mume wangu akamuuliza kuhusu kazi, joto, sigara, na kule kulala usingizi kunakuwaje siku hizi. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo kwenye safari yote hii. Akajibu halali vizuri, nikashangaa, mi nilidhani mimi peke yangu ndo nakesha naangalia dari. Wakaongea pale kama shangazi na mtoto wa kaka yake. Na mizizi ya mama mkwe nilipoitaja akasema mirija ikiziba kweli haizibuki kwa kunywa unga, tusimtukane mama ila tusinywe.

Tukarudia kipimo maabara nyingine. Mwendo uko vizuri! Nilitaka kurudi na karatasi niibandike pale dirishani. Ila idadi imetoka chini kidogo ya ile milioni 16 kwa mililita wanayopimia, kwahiyo siwezi kusema yule kijana ametuzulia tatizo lote, kitu kipo. Daktari anasema mbegu inatengenezwa kwa zaidi ya miezi 2, apunguze joto, sigara aache, tupime tena baada ya kama miezi 3. Sawa. Kijana hajasababisha hilo, nakubali. Lakini ile supu nitamsamehe siku nikizaa, na sio siku ile ile.

Kwahiyo nendeni au msiende? Kwa daktari nendeni, hata kesho, hasa kama mmeshapita mwaka mnajaribu, au miezi 6 kama umevuka 35. Nendeni wawili. Maabara pimieni kwingine, na mkilazimika kupimia pale, andikeni wenyewe saa ya sampuli juu ya kikopo, msiondoke dirishani mpaka kiingie ndani, na mkiweza nendeni mchana, kuna dada mmoja mpole anaingia zamu baada ya saa nane.