Fundi wa darizi wa Kariakoo aliyeniuliza jina la nyumbani

Duka la kwanza nililokwenda lilinikatisha tamaa. Ni duka zuri la vitu vya watoto, lina kiyoyozi, na nguo zimepangwa kwa rangi. Nikamwandikia binti wa kaunta jina ninalotaka lidariziwe. Akalisoma, akacheka kidogo, akasema, "Dada, hili si la mabibi? Halafu refu, mashine yetu mwisho herufi sita." Akanishauri nichague moja kati ya yale yaliyokwisha kudariziwa kwenye mito. Nilitoka nimeumia kweli, kwa sababu jina lenyewe ni Mwamvua, na ni la mama mkwe wangu.

Muuza vitenge mmoja ndiye aliyenielekeza kwa huyu mzee. Anakaa barazani, kwenye uchochoro usio mbali na Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Hana kibao. Ana cherehani ya miguu, mikebe miwili ya nyuzi na daftari lililofungwa kwa mpira. Nilikuwa na tumbo la miezi minane, akanipisha kiti chake kabla hata sijamaliza kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anaitwa nani?"

Nikanyamaza. Nilivyolelewa mimi, jina la mkwe halitamkwi ovyo, na mpaka leo sijawahi kulitoa mdomoni mwangu. Nikaomba kalamu nikaandika. Mzee akasoma, akanitazama, akaelewa papo hapo. "Aa, ni la mkweo. Sasa nyumbani mtamwitaje?"

Hili ndilo swali ninalolisifia. Mafundi wengine wanachukua herufi na hela, basi. Yeye ana utaratibu wake: jina kubwa linakwenda kwenye shuka, jina la nyumbani linakwenda kwenye kofia. Anasema mama asiyeweza kutaja jina la mkwe ni lazima awe na jina la kumwitia mwanawe anapolia usiku. Wengi wetu tunakimbilia "Bibi" au "Mama", na mtoto anakua nalo. Lakini akanishauri niwaulize wazee, kwa sababu mara nyingi jina dogo la zamani nalo lipo, limesahauliwa tu.

Akafungua daftari anionyeshe. Kila ukurasa una mistari miwili miwili, jina na kifupi chake: Hadija na Dija, Zainabu na Zena, Mwajuma na Mwaju, Mwantumu na Tumu, Chausiku na Chau. Nilikaa pale karibu saa nzima nikisoma. Majina yetu haya yana habari ndani yake. Mwajuma kazaliwa Ijumaa, Chausiku usiku, Saumu mwezi wa mfungo, Mwanaidi sikukuu. Mkwe wangu alizaliwa masika, mvua inamwagika. Na hiyo "Mwana" inayotangulia, ambayo kwenye Mwajuma imebaki "Mwa", huko Pate na Lamu ilikuwa heshima ya mabibi wakubwa. Ndiyo tunayoikuta kwa Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi wa karne ya 19. Sasa mtu anaposema ni jina la kizee lisilo na mvuto, mimi nashindwa kumwelewa.

Si kwamba nataka yote yarudi. Tabu na Shida mimi simpi mtoto. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Hilo la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, alipewa baadaye, na ndilo alilokwenda nalo Bombay kurekodi mwaka 1928. Jina la kubandikwa lilimpa hadhi ambayo la kuzaliwa lilimnyima. Kwa hiyo tuchague, lakini tusiyatupe mazuri kwa kuogopa kuchekwa kaunta.

Niliporudi nyumbani nikampigia shangazi yake mume wangu. Akafikiri kidogo, akasema, "Utotoni tulikuwa tunamwita Mwamu." Mume wangu mwenyewe hakuwahi kulisikia.

Kazi yenyewe ni safi. Herufi za shuka zina upana wa kidole, mshono umejaa, na nyuma hakuna mafundo ya kumkwaruza mtoto. Nimepitisha kiganja mara nyingi. Ile "v" katikati aliiwekea matone matatu ya bluu chini yake, mvua, bila mimi kumwomba. Nililipa 18,000 kwa shuka na kofia, kitambaa juu yangu. Nendeni na pamba, maana nailoni anaikataa.

Kasoro zipo. Aliahidi wiki moja, zikawa tatu, na hapokei simu akiwa kazini. Pia uzi mwekundu wa kofia uliacha rangi nilipoifua kwa maji ya moto. Nilimtuma mume wangu nayo, mzee akaufumua akadarizi upya bure, lakini afadhali mchague bluu au kijani. Kama mna akika ya siku ya saba, pelekeni kazi mapema.

Yetu ilitukuta shuka haijawa tayari. Siku ya saba mtoto alivaa kofia tu. Mama mkwe akampakata, akaweka miwani, akaisoma ile kofia taratibu, akipitisha kidole juu ya nyuzi. Akauliza, "Nani kawaambia hili?" Hakuna aliyejibu. Akasema dada yake mkubwa ndiye alikuwa wa mwisho kumwita hivyo, na dada yake kafariki miaka mingi.

Shuka ilikuja siku ya tisa. Tangu hapo akija kwetu habishi hodi kwa jina langu wala la mwanawe. Anasimama mlangoni, anaita, "Somo yangu yuko wapi? Mwamu!"