FOG Project: inafaa kompyuta za mezani, kwenye seva tafuta njia nyingine

Windows 10 iliachwa bila msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi bado zina kazi ya kupiga Windows 11 mashine baada ya mashine kwa flashi. FOG Project ni programu huria ya bure, imekuwepo tangu 2007, na kazi yake ni moja: unaandaa mashine moja vizuri, unachukua imeji yake (nakala ya diski nzima), kisha unaimwaga kwenye mashine nyingine kupitia waya wa mtandao.

Kinachohitajika ni kompyuta moja yenye Debian au Ubuntu, anwani ya IP isiyobadilika, na patisheni (sehemu ya diski) kubwa ya peke yake kwa folda ya /images, zinapokaa imeji. Kisakinishi kinauliza maswali machache tu. Ugumu unaanza kwenye DHCP, huduma inayogawa anwani za IP kwenye mtandao. Kama unaimiliki, weka IP ya seva kwenye chaguo la 66, na kwenye la 67 jina la faili ya kuwasha: undionly.kpxe kwa mashine za BIOS ya zamani, ipxe.efi au snponly.efi kwa za UEFI, mfumo mpya uliochukua nafasi ya BIOS. Ukikosea hapo, mashine inasema haikuona faili, au inaipakua kisha inaganda. Kama DHCP iko ndani ya rauta ya mtoa huduma na huwezi kuigusa, weka dnsmasq (programu ndogo ya DHCP) kama proksi, nayo itatoa maelekezo ya kuwaka bila kugawa anwani.

Hitilafu inayosumbua mafundi wengi iko kwenye swichi. Mashine inapata IP vizuri, inashusha iPXE (programu ndogo ya kuwasha kupitia mtandao), halafu iPXE ikiomba IP mara ya pili inakosa. Sababu ni kwamba kadi ya mtandao inazimwa na kuwashwa upya katikati, na swichi yenye spanning tree (kinga dhidi ya mizunguko ya waya) huufungia mlango kama sekunde 30 kabla ya kupitisha data. Washa portfast (mpangilio unaoruka kusubiri huko) kwenye milango ya watumiaji na tatizo linaisha. Secure Boot (kinga inayozuia programu za kuwasha zisizosainiwa) nayo izimwe kwanza, uirudishe kazi ikiisha. Kwa mashine zenye Intel RST (mfumo wa Intel wa kudhibiti diski), badilisha hali ya diski iwe AHCI, ile ya kawaida, kabla ya kusakinisha Windows ya mfano, la sivyo FOG inaweza isiione diski kabisa.

Imeji yenyewe ndiyo inayoamua kama mradi utakuwa mzuri au balaa. Ingia hali ya ukaguzi (audit mode) kwa Ctrl+Shift+F3 kwenye ukurasa wa kwanza wa usanidi, sakinisha programu zote, na usiingie Microsoft Store hata kidogo. Programu ikisasishwa kutoka Store kwa mtumiaji mmoja, sysprep (zana ya Windows inayofuta utambulisho wa mashine kabla ya kunakiliwa) inagoma. Jina la programu husika utalikuta kwenye setupact.log ndani ya C:\Windows\System32\Sysprep\Panther. Kisha:

powercfg /h off
manage-bde -off C:
C:\Windows\System32\Sysprep\sysprep.exe /generalize /oobe /shutdown

Mstari wa pili usiupuuze, kwa sababu Windows 11 toleo la 24H2 husimba diski yenyewe kwenye mashine nyingi, na FOG haiwezi kupunguza patisheni iliyosimbwa. Subiri usimbuaji uishe kabla ya sysprep.

Huduma ya FOGService (programu ya FOG inayokaa ndani ya Windows) iache imezimwa ndani ya imeji, iwashwe mwishoni na SetupComplete.cmd, faili ya amri ambayo Windows huiendesha usanidi ukiisha. Ikiwaka mapema, itabadilisha jina la kompyuta na kuiwasha upya usanidi ukiwa katikati. Ila faili hiyo haiendeshwi kwenye Windows Pro yenye ufunguo wa OEM, yaani leseni iliyokuja na kompyuta. Na tukiwa kwenye leseni: OEM peke yake haikupi haki ya kusambaza imeji, unahitaji angalau leseni moja ya Volume (ya jumla, kwa taasisi) ya bidhaa hiyohiyo.

UPS (betri ya dharura) ni lazima wakati wa kuchukua imeji. FOG huandika kwanza kwenye /images/dev na kuihamisha ikikamilika, hivyo imeji ya zamani haiguswi. Lakini ukichagua aina ya imeji inayobadilika ukubwa (Resizable), patisheni ya mashine ya mfano hupunguzwa kabla ya kunakiliwa. Umeme ukikatika hapo, Windows ile inaweza isiwake tena. Imeji ikibaki /images/dev na jina la MAC (anwani ya kadi ya mtandao) huku FOG ikilalamikia FTP, njia inayotumia kuhamisha faili, nenosiri la mtumiaji fogproject halilingani na lililo kwenye mipangilio ya hifadhi.

Kuhusu kasi, piga hesabu kabla ya kulaumu seva. Imeji ya GB 15 kwa mashine 20, kila moja ikivuta yake, ni GB 300. Kwenye gigabiti ni dakika 40 kwa uchache. Swichi ya 100 Mb/s itakula zaidi ya saa 6. Multikasti huituma mara moja kwa wote, mradi IGMP (itifaki inayoiambia swichi nani yumo kwenye kundi) iwe imepangwa sawasawa na mashine zote ziwake, maana kundi zima huenda kwa mwendo wa ile iliyo polepole kuliko zote. Laptopu zisizo na tundu la waya zina mtego wake: FOG hutambua mashine kwa MAC, hivyo adapta moja ya USB ikizungushwa kwenye laptopu kumi, zote zinaonekana ni ileile.

Kwa seva hatuipendekezi. LVM na XFS, mipangilio ya diski ya kawaida kwenye seva za Linux, FOG haizipunguzi, na Linux iliyonakiliwa hubeba machine-id (kitambulisho cha mashine) na funguo za SSH za mashine ya kwanza, zote zinafanana. Ubuntu ina autoinstall, familia ya Red Hat ina kickstart, njia za kusakinisha zenyewe: faili moja ya maandishi unayoweza kuisoma na kuibadilisha. Ofisi yenye kompyuta 30 za aina moja haina sababu ya kununua kitu kingine. Yenye kompyuta tano za aina tano ibaki na flashi.