Kukata madigadi ya nyuma ya pikipiki: msumeno wa chuma au grenda?

Kwa madigadi ya plastiki mimi nachagua msumeno wa chuma, bila kusita. Grenda inakata haraka, lakini joto lake linayeyusha plastiki: ukingo unavimba, unaganda vinundu, na unarudi kuukwangua kwa kisu. Msumeno wenye meno madogo unaenda taratibu ukifuata mstari wa selotepu uliyobandika, kisha tupa ya kunolea na msasa vinamalizia ukingo.

Madigadi ya bati ni habari nyingine. Hapo grenda inastahili pesa ya kuiazima. Ila vaa miwani, yafungue madigadi kwanza kwenye pikipiki, uyakatie mbali na tangi, maana cheche na petroli havikai pamoja. Paka rangi ukingo siku hiyohiyo, kutu haisubiri.

Kwa vyovyote, acha nafasi ya pleti namba na taa.