Nebulaiza ya nyumbani: maski au kipande cha mdomoni?

Nebulaiza ni mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke wa kuvuta. Kwa mtu mzima sina shaka: kipande cha mdomoni. Ukivuta kwa pua, sehemu ya dawa hunasa huko huko. Kwa mdomo, nyingi zaidi hushuka mapafuni. Tena maski ikilegea mvuke hupanda machoni, na ipratropiamu, dawa ya kufungua njia za hewa, haifai kabisa kuingia jicho la mwenye glakoma, yaani presha ya macho.

Mtoto mdogo ni habari nyingine. Wa miaka miwili hawezi kubana kitu midomoni dakika kumi, kwa hiyo maski, ya saizi ya kitoto, imkae barabara usoni. Kumpitishia mvuke kwa mbali kama anafukizwa udi, eti asilie, ni kumwaga dawa.

Usafi haupishani sana: sabuni, maji ya uvuguvugu, suuza, acha vikauke. Ila masika hewa ya Unguja nzito, kikombe cha dawa hakikauki upesi, kikung'ute kwanza. Mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye mashine kwenda kikombeni, usiuoshe. Ukiona unyevu ndani, washa mashine bila dawa mpaka ukauke. Ukikakamaa au kupasuka nunua mwingine, na ukienda Darajani chukua ule wa zamani mkononi, maana si kila mpira unaingia kila mashine.