QGIS katika kazi ya utafiti: tathmini ya programu huria ya ramani

Swali la kwanza ninalouliza kuhusu programu yoyote ya ramani inayokusudiwa kwa utafiti ni kama mtu mwingine, akipewa data zilezile na maelezo ya hatua zilizofuatwa, ataweza kufika kwenye matokeo yaleyale. Rangi nzuri na mpangilio wa kupendeza ni mambo ya haki yake, lakini ramani isiyoweza kurudiwa haina tofauti kubwa na picha. Katika tathmini hii naipima QGIS kwa swali hilo, kwa kuwa ndiyo programu ambayo wanafunzi wengi wa jiografia, mipango miji, mazingira na afya ya jamii huanza nayo, na mara nyingi ndiyo wanayomaliza nayo tasnifu zao.

QGIS ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2009. Ni programu huria: haina ada ya leseni, msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuusoma, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Kwa idara za vyuo vyetu, ambako leseni chache za ArcGIS, programu ya ramani ya kulipia, hulazimika kugawanywa miongoni mwa wanafunzi wengi, hoja ya bei peke yake imetosha kuwashawishi wengi. Nadhani hoja hiyo imezidishiwa uzito. Kwa mtafiti, uwazi wa msimbo una thamani kubwa kuliko bei, kwa sababu anayetaka kujua jinsi zana fulani inavyokokotoa mteremko wa ardhi au umbali anaweza kufungua msimbo na kuona.

Nianze na jambo linaloharibu kazi nyingi kabla hata hazijaanza, yaani mfumo wa koodineti, namba zinazotaja mahali kitu kilipo. Tanzania imelala juu ya kanda tatu za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kila kanda kwa mita: Kigoma mjini iko kanda ya 35, Dodoma kanda ya 36, na Dar es Salaam kanda ya 37. Anayefanya utafiti wa nchi nzima akachagua kanda ya 37 kwa sababu ndiyo aliyoizoea, atapata maeneo ya upande wa Kigoma yaliyovimba kwa zaidi ya asilimia 2, na hakuna kitu kwenye kioo kitakachomwonyesha kwamba kuna tatizo. QGIS ina njia mbili za kukokotoa eneo la poligoni (umbo lililofungwa, kama shamba au wilaya) ndani ya kikokotoo chake cha jedwali. Ukiandika $area, hesabu hufuata umbo la dunia lililowekwa kwenye mradi, hivyo upotoshaji wa kanda hauingii. Ukiandika area(@geometry), hesabu hufanyika juu ya karatasi bapa, kwa kanda yoyote uliyoichagua. Majibu mawili tofauti yanatoka kwa shamba moja, na tasnifu nyingi hazisemi ni njia ipi iliyotumika. Hapa programu inastahili sifa kwa kutoa njia zote mbili, na inastahili lawama kwa kuziweka jirani bila onyo.

Mtego mwingine ni ramani ya chini, ile ya OpenStreetMap (ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea) au ya picha za angani inayoletwa kupitia intaneti. Mara nyingi mradi huanza na tabaka hilo na hurithi makadirio ya Mercator ya mtandaoni, yaani namna mojawapo ya kuihamishia dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa. Huko London makadirio hayo huongeza eneo zaidi ya mara mbili na nusu, kwa hiyo kosa huonekana mara moja. Kwetu, karibu na ikweta, kosa ni la asilimia 2 hivi, na kwa sababu ni dogo hupita bila kuulizwa. Mtafiti wa ukanda wetu anahitaji uangalifu zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Ninachokipenda kwa dhati katika matoleo ya 3, ambayo yalianza Februari 2018, ni namna programu inavyoshughulikia ramani za zamani. Karatasi za topografia za kipimo cha 1:50,000 za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati simu na vipokezi vya GPS hutumia WGS 84. Ukiweka koodineti za mfumo mmoja ukidai ni za mwingine, vitu vitahama kwa takriban mita 300, umbali wa kutosha kuihamishia shule upande wa pili wa mto. QGIS, inapokuta kuna zaidi ya njia moja ya kubadilisha mfumo mmoja kwenda mwingine, huweka mbele yako orodha ya njia hizo, eneo ambalo kila njia inafaa, na usahihi wake kwa mita. Hilo ni somo zima la mbinu za utafiti ndani ya dirisha moja, na ningependa kila mwanafunzi alisome kabla ya kubofya kitufe cha kukubali. Vivyo hivyo, anayetaka kuchora ukanda wa mita 500 kuzunguka kila zahanati huku tabaka lake likiwa bado kwenye digrii ataona alama ya tahadhari pembeni ya kisanduku cha umbali. Alama ni ndogo, lakini ipo.

Sehemu ya upakaji rangi wa takwimu ndiyo inayovutia zaidi na ndiyo yenye hatari zaidi. Chukua msongamano wa watu kwa mkoa kwa kutumia Sensa ya 2022. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 ndani ya eneo lisilofika kilomita za mraba 1,700, hivyo kila kilomita ya mraba ina watu zaidi ya 3,000. Mkoa wa Lindi una watu takriban milioni 1.2 waliotawanyika katika zaidi ya kilomita za mraba 66,000, chini ya watu 20 kwa kilomita. Ukiiambia QGIS igawe madaraja matano ya upana sawa, Dar es Salaam na Mjini Magharibi zitakaa juu peke yake na karibu nchi nzima itapakwa rangi moja ya chini, kana kwamba Mwanza na Lindi ni sawa. Ukichagua madaraja yenye idadi sawa ya mikoa, ramani itapendeza, lakini mikoa inayotofautiana sana itawekwa kapu moja na mingine inayokaribiana itatenganishwa. Mbinu ya Jenks, inayotafuta mahali takwimu zinapoachana zenyewe, hutoa picha ya kati. Data ni ileile na ramani ni tatu, na kila moja inaweza kumpeleka msomaji kwenye uamuzi tofauti wa sera. QGIS inazo mbinu zote hizi, pamoja na skeli ya logi ambayo kwa mfano huu ndiyo ningeichagua, na inaonyesha mchoro wa mtawanyiko wa takwimu ili uone unakata wapi. Tatizo ni kwamba kubadilisha mbinu ni kubofya mara moja, na ufunguo wa ramani hautaji mbinu iliyotumika. Ni jukumu la mwandishi kuiandika, na wasimamizi wa tasnifu wanapaswa kuidai.

Kuhusu ulinganishaji wa miaka, programu hufanya kazi nzuri pale mtafiti anapojua historia ya mipaka. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Asiyezingatia hilo, akaweka Sensa ya 2012 na ya 2022 sambamba, ataona Mbeya imepoteza watu wengi kwa muongo mmoja. Zana ya kuunganisha poligoni huirudisha Songwe ndani ya Mbeya ya zamani kwa muda mfupi, na ulinganisho ukawa wa haki. Kazi ngumu zaidi ni kuoanisha jedwali la takwimu na ramani kwa majina. Kwa programu, "Mbeya Mjini" na "Mbeya Jiji" ni mahali pawili, na hata nafasi tupu iliyoachwa mwishoni mwa jina kwenye jedwali inatosha kulifanya jina lisitambulike. Ukitumia zana ya kuunganisha iliyo kwenye kisanduku cha uchakataji, taarifa ya mwisho hutaja idadi ya maumbo yaliyokosa mwenza. Ukiunganisha kupitia sifa za tabaka, wilaya zilizokosa mwenza huachwa tupu kimyakimya. Kwa hiyo nashauri njia ya kwanza wakati wote, na kutumia namba za utambulisho badala ya majina pale zinapopatikana.

Miundo ya faili nayo inahitaji neno. Shapefile bado imeenea katika ofisi na vyuo, lakini inakata jina la safu baada ya herufi kumi. Safu zilizoitwa idadi_ya_wanaume na idadi_ya_wanawake zitatoka zikiwa idadi_ya_w na idadi_ya_1, na baada ya miezi mitatu hakuna atakayekumbuka ipi ni ipi. GeoPackage, ambayo QGIS imeifanya kuwa muundo wake wa kawaida tangu toleo la 3.0, haina kikwazo hicho, hubeba matabaka mengi ndani ya faili moja, na hata mradi wenyewe unaweza kuhifadhiwa humo. Anayemtumia msimamizi wake kazi kwa barua pepe atafurahi kwamba hakuna faili lililosahaulika njiani.

Sasa nirudi kwenye kipimo changu cha kurudiwa kwa kazi. Kila mara unapotumia zana ya uchakataji, QGIS huandika kwenye kumbukumbu zake jina la zana, faili lililoingia, vipimo vilivyochaguliwa na faili lililotoka, na maandishi hayo yanaweza kunakiliwa yakiwa amri ya Python, lugha ya kuandikia programu. Zaidi ya hapo, hatua zote zinaweza kuchorwa kama mnyororo wa visanduku vinavyounganishwa kwa mistari, kisha mnyororo huo ukaendeshwa upya kwa kata nyingine au kwa mwaka mwingine bila kuanza moja. Kwa utafiti hili ni jambo kubwa, na sioni wanafunzi wakilitumia kadiri linavyostahili. Mapungufu yapo: marekebisho yanayofanywa kwa mkono, kama kusogeza mpaka wa poligoni au kufuta nukta inayotiliwa shaka, hayaingii kwenye kumbukumbu hizo. Anayehariri kwa mkono lazima atunze daftari lake na nakala ya data kabla ya kuigusa.

Kwa kazi ya uwandani, QField, programu ya simu iliyotengenezwa kufanya kazi pamoja na QGIS, inastahili pongezi. Inafungua mradi uliotayarishwa ofisini, inafanya kazi pasipo na mtandao, na inaweza kuhifadhi usahihi wa GPS pamoja na kila nukta. Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu nukta iliyochukuliwa uwanjani chini ya anga wazi na ile iliyochukuliwa kati ya nyumba zilizobanana hazina usahihi mmoja, na mtafiti anapaswa kuwa na ushahidi wa tofauti hiyo. Dar es Salaam inafahamu thamani ya data za namna hii: mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 na kuwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi, ulichora kata zinazokumbwa na mafuriko na kuziweka data hizo kwenye OpenStreetMap, ambako bado zinaweza kupakuliwa moja kwa moja ndani ya QGIS kwa programu-jalizi (nyongeza inayopachikwa ndani ya QGIS) ya QuickOSM.

Programu-jalizi zenyewe ni neema yenye masharti. Ile ya uainishaji wa picha za setilaiti iliyoandikwa na Luca Congedo imewawezesha wengi kufanya kazi na picha za Sentinel-2, ambazo pikseli zake ndogo kabisa zina upana wa mita 10, bila kununua chochote, na inatoa jedwali la makosa ambalo kila utafiti wa mabadiliko ya uoto unapaswa kulionyesha. Anayechunguza mikoko ya delta ya Rufiji bado atalazimika kujiuliza maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa siku picha ilipopigwa, na swali hilo hakuna programu itakayomjibia. Programu-jalizi nyingine huandikwa na mtu mmoja kwa kujitolea, na zinaweza kuachwa bila matunzo toleo jipya linapotoka. Kujenga tasnifu nzima juu ya zana kama hiyo ni kujiweka rehani.

Katika upangaji wa ramani ya kuchapwa, uwezo ni mkubwa, hasa ule wa kutoa ramani moja kwa kila kata kwa mpigo mmoja, ingawa uwekaji wa majina ya mahali kwa mkono bado unachosha na ArcGIS bado inanishawishi zaidi kwa kazi ya uchapaji wa hali ya juu. Kwenye kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ndogo, rasta kubwa, yaani data za pikseli kama picha za setilaiti, hufunguka polepole. Kutengeneza mapema piramidi za picha, yaani nakala zake zilizopunguzwa ukubwa, hupunguza kero hiyo kwa kiasi kikubwa.

Kwa anayeanza utafiti mwaka huu, ushauri wangu ni kuisakinisha QGIS, lakini achague toleo la matunzo ya muda mrefu, ambalo hurekebishwa makosa kwa mwaka mzima, badala ya toleo jipya linalotoka kila baada ya miezi minne. Aandike namba ya toleo hilo kwenye sura ya mbinu, pamoja na namba ya mfumo wa koodineti, mbinu ya kugawa madaraja na jina la kila programu-jalizi aliyoitumia, kisha asibadilishe toleo mpaka kazi ikabidhiwe.