Nimetumia Inky kutengeneza gemu ya Kibo na Mawenzi, haya ndo niliyokutana nayo

Aisee wiki ya tatu hii nalala saa saba usiku kwa ajili ya hii programu. Iko hivi, mpwa wangu wa darasa la sita yuko kwetu hapa Moshi tangu shule zifungwe, na anapenda zile hadithi za ukipita kushoto nenda ukurasa wa 40, ukipigana na zimwi nenda wa 12. Nikasema ngoja nimtengenezee ya kwetu, ile ya vilele viwili vya Kilimanjaro, Mawenzi kwenda kwa Kibo kuomba moto mpaka akala kichapo, ndo maana kilele chake kimechongoka vile.

Inky ni programu ya bure ya kuandikia hadithi za kuchagua njia kama hizo, wametengeneza kampuni ya inkle ya Uingereza, na lugha yake Ink waliiachia watu wote 2016. Kushoto unaandika maandishi ya kawaida, kulia unaicheza hapohapo. Kila kituo cha hadithi unakipa jina kati ya ===, chaguo linaanza na nyota (*), halafu mshale -> unampeleka msomaji kwingine. Basi. Mimi nauza vitenge Mbuyuni, kompyuta sijasomea, ila jioni ya kwanza tu nilikuwa na binti wa Marangu anayepita mapangoni na kibuyu cha mbege cha kuwahonga walinzi wa Kibo.

Kisanga sasa. Kituo kimoja nikakiita zizi_la_ng'ombe, programu ikagoma, nikahangaika nusu saa nikidhani laptopu ina virusi, kumbe majina ya vituo hayataki nafasi wala kile kialama cha ng'. Ndani ya hadithi andika ng'ombe hata mia, kwenye jina hapana.

Na nyota ni chaguo la mara moja! Binti akichota maji kwenye mfongo (mfereji wetu wa Kichaga) akirudi tena chaguo halipo, dogo ananiuliza shangazi mfongo umekauka? Ukitaka libaki unaweka + badala ya *, imeandikwa kwenye maelekezo ambayo nilikuwa nayaruka. Kete ni rahisi, RANDOM(1, 6), hapo ndo zimwi linakushinda au hapana.

Kinachonikera ni ramani, hakuna. Twine, programu nyingine ya hadithi kama hizi, inakuchorea visanduku na mishale unaona hadithi nzima, huku vituo vikizidi 50 unapotea mwenyewe, mimi nimeishia kuchora kwenye daftari la madeni ya dukani.

Bando haihitaji ukishaidanlodi, nzuri kwa sisi wa umeme wa kuja na kuondoka. Ila kuituma kuwa makini, ukiitoa (export) ili ichezwe kwenye wavuti linakuja folda lenye mafaili kadhaa, mimi nikamrushia kaka Arusha index.html peke yake akaona kichwa tu, hadithi hamna. Tuma folda zima.

Dogo kashaimaliza mara nne. Sasa anataka njia ambayo Mawenzi anamchapa Kibo, nimefika kituo cha 63.