Sanduku la kufuli tatu la kikundi cha hisa: kagua bawaba kabla ya kulipa

Upatu wa kijumbe hutembea kwa imani. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wote bila riba, wa mwisho anarudishiwa kile kile alichotoa, na aliyekwisha kupokea akihama mtaa, mzunguko umekatika. Mfumo wa hisa, ulioanzishwa na shirika la misaada la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991 juu ya desturi ya kinamama ya kuchangiana, unalitatua hilo kwa sanduku la chuma. Fedha haitoki wala kuingia ila mbele ya kikao.

Seti kamili ina sanduku, kufuli tatu, vitabu vya wanachama, muhuri, kidau cha wino na bakuli mbili. Inawatosha watu 15 hadi 25.

Anza na bawaba. Zikiwa nje na zimefungwa kwa misumari ya ribiti, bisibisi moja inalifungua sanduku kwa nyuma, kufuli zote zikiwa zimefungwa. Dai bawaba za ndani, zilizochomelewa. Kisha jaribu kila ufunguo kwenye kila kufuli: kufuli za bei rahisi za katoni moja mara nyingine hufunguana, na hapo washika funguo watatu wamekuwa mmoja. Funguo wapewe wasio viongozi, wa nyumba tofauti, na sanduku likae kwa mtu wa nne.

Vitabu ni vizuri. Kila kikao mwanachama hununua hisa 1 hadi 5, kila hisa muhuri mmoja, hata asiyejua kusoma anahesabu. Nafasi zilizobaki zipigwe mstari papo hapo, la sivyo muhuri utaongezwa baadaye. Udhaifu ni wino: mwepesi, hupakaa kwa jasho la vidole. Nunua mwingine.

Kuvunja kikundi mwisho wa mwaka ni hesabu nyepesi. Tuseme hisa iliuzwa 2,000, sanduku lina 3,450,000 na hisa zote ni 1,500: kila hisa imekuwa 2,300 kwa riba ya mikopo waliyopeana wanachama, na mwenye hisa 120 anaondoka na 276,000.

Kasoro kubwa ni kwamba ndani hamna chumba cha mfuko wa jamii. Hela hii ndiyo roho ya kikundi: kila mtu hutoa kiasi sawa, aliyefiwa au aliyelazwa husaidiwa, na atakayesaidiwa kesho hajulikani. Ikichanganyika na ya mikopo, mfiwa ataambiwa asubiri marejesho ya mtu mwingine, na kuchangiana kumeishia hapo. Shoneni mfuko wa kitambaa wenye kamba. Kikao kikifungwa, hesabuni salio kwa sauti, ili wote walikariri. Kikao kijacho walitaje kabla mfuko haujafunguliwa.